Kama Dirisha

"Jina la ukoo?" anauliza kijana wa ofisi ya gesi.
Brumat, nasema. B, r, u—
"Kama dirisha?"
Ndiyo, kijana. Kama dirisha.

Hapa Trieste hakuna anayeniuliza tena
kama hilo ni jina la mtu.
Dalali anaandika gazetini:
vyumba vitatu, lifti, jiko jipya,
madirisha ya kibrumati yanayotazama bandari,
na bei ya kumtoa mtu machozi.
Mimi naishi ghorofa ya nne, mtaa wa nyuma.
Dirisha langu ni la mraba
na linavuja.

Neno lilianza kama tusi.
Tajiri wa kahawa, Pertot, alimwagiza babu
amjengee nyumba ya madirisha kumi na moja,
kila moja na tao lake.
Bei ya kahawa ikaporomoka kule Santos,
mikokoteni ya mawe ikakoma kushuka kutoka Karst,
babu Egidio akabaki na nusu ya mawe
na matundu kumi na moja ukutani.
Akagawa. Nusu tao kila dirisha:
upande mmoja umepinda vizuri,
upande wa pili umenyooka ghafla
kama mtu aliyekatizwa kauli.

Mhariri mmoja, ambaye shemeji yake
aliukosa mkataba ule ule,
akaandika: "Ukiona kazi ya mtu aliyeishiwa
pesa na haya kwa siku moja,
iite kibrumati."

Mji ukacheka msimu mzima.
Suruali iliyopasuka, ya kibrumati.
Mchuzi uliosahau chumvi, wa kibrumati.
Muuza samaki akamnyoshea bibi Amabile
kipande chenye mkia, kisicho na kichwa:
"Wa kibrumati, mama?"
Bibi alirudi nyumbani na kikapu kitupu.
Hakumwambia mumewe. Alimwambia mama yangu,
mama akaniambia mimi,
na mimi nakwambia wewe.

Kisha ikavuma bora,
ule upepo wetu usio bora kwa yeyote,
unaofanya manispaa ifunge kamba mitaani
watu wapate pa kushika.
Madirisha ya mtaa mzima yakapukutisha vioo.
Ya babu yakasimama.
"Bahati," alisema. "Upande ulionyooka
ulielekea upepo, basi."
Lakini watu walikwisha kuacha kucheka,
wakaanza kuiga.

Hapo ndipo ile silabi ilipofanya kazi yake.
Ki.
Ile ile ya kiti na kikombe, ya kisu na kiatu.
Ilimtoa babu katika ngeli ya watu
ikamketisha katika ngeli ya vitu
kabla hata hajafa.
Herufi yake kubwa ikabaki nje
kama kofia kwenye msumari.
Zamani: Brumat amechelewa. Brumat anadaiwa.
Brumat amelia kwenye maziko ya mwanawe.
Leo: kibrumati kimefika hadi Graz,
kibrumati kimepitwa na wakati,
kibrumati kimerudi.
Kitu hakikohoi usiku.

Yeye alijenga nyumba ishirini na mbili baada ya ile,
zote kwa matao kamili, mawe yamelipiwa mapema.
Hakuna aliyezipiga picha.
Wateja walizunguka wakizitazama,
wakanong'onezana, wakadai punguzo:
hii haina kibrumati hata kidogo.
Akiwa na miaka themanini, mhandisi kijana
alimshika mkono kwenye ngazi
akamweleza, taratibu, kwa heshima zote,
kibrumati ni nini.
Babu alisikiliza mpaka mwisho.
Akauliza swali moja, kuhusu mawe.

"Halo? Mama, bado upo?"
Nipo. Nilikuwa nasogeza kikombe
chini ya dirisha.
"Nimeandika brumat. Herufi ndogo, sivyo?"
Kubwa, tafadhali.

Anauliza kwa nini.